Shabaha Namba Nne

Kambini, 12 Machi 1961

Dada Kathri,

Nimeipata! Jana tulipanga foleni nje ya ghala, theluji imetufunika viatu, sajini anaita majina, na kila aliyeitwa anatoka na ya kwake mkononi. Unajua ninachosema. Ile bunduki mpya. Ile ambayo Baba aliapa kwamba haitafika milimani kwetu mpaka yeye awe kaburini.

Nakuandikia nikiwa nimeilaza kitandani kando yangu. Ni nzito, dada, kama ndoo ya maziwa iliyojaa nusu. Mbele ina miguu miwili. Ukilala chini unaikunjua, mtutu unakaa wenyewe, na mkono wako wa kushoto unabaki hauna kazi. Halafu haivutwi. Ile ya Baba unapiga, unavuta komeo, unalisukuma, unaanza kuitafuta shabaha upya. Hii ukishapiga, imeshajikoki yenyewe. Kazi yako ni kidole tu: unavuta, inatoka moja, unavuta tena, inatoka nyingine, mpaka risasi zilizomo ziishe. Wala haikupigi bega kama ile ya Baba. Inakusukuma kidogo, na ndani kunalia kama mtu kaangusha kijiko kwenye sufuria. Ina hata triga ya pili, ndefu, ya kukunjua wakati wa baridi ili mtu apige akiwa na glavu nene. Watu wameketi wakafikiri!

Leo tumepiga kwa mara ya kwanza, mita mia tatu. Sitaki kujisifu, lakini sajini alisimama nyuma yangu muda mrefu kuliko nyuma ya mtu yeyote.

Mwenye wivu ajinyonge.

Msalimie Baba, na ng'ombe wote kwa majina yao.

Mdogo wako wa robo saa,
Melk


Seelisboden, 19 Machi

Melk,

Kamba ipo, na boriti ya zizini ipo. Lakini nikijinyonga, nani atakamua ng'ombe wako? Au hiyo bunduki yako inakamua pia, kwa kidole tu?

Baba nimemsomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza alitaka nirudie ile ya miguu miwili. Mara ya pili akasema, "Bunduki inayosimama kwa miguu yake yenyewe haitaki mpigaji, inataka mchukuzi." Nikacheka sana. Wenye maneno ni wengi, lakini mzee huyu ni mwalimu wao. Mimi naongeza langu: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ngoja kutu ikuonyeshe hicho kinyemi.

Basi, nimeshamaliza kejeli. Mara ya tatu barua yako niliisoma peke yangu zizini, nikiwa nimeegemea ubavu wa ng'ombe wetu Bruni, na nilipofika kwenye ile triga ya baridi nilitaka kukutupia ndoo kutoka huku mpaka huko kambini. Nina wivu, Melk. Nasema waziwazi, usije ukasema nilificha. Tulilala tumbo moja. Nilikutangulia kutoka, nikakutangulia kutembea, nikakutangulia kukamua. Aliyekufundisha kuzuia pumzi kabla ya kuvuta triga ni mimi, si Baba, maana Baba alikuwa anakupigia kelele mpaka mikono inakutetemeka. Leo serikali inakukabidhi bunduki mpya, bure, uitunze nyumbani hadi uzeeni, kwa sababu wewe unanyoa ndevu. Nazo ni tatu. Nimezihesabu.

Mimi ninayo ya Baba, kwa kuwa macho yake yameingia ukungu na haoni tena mwisho wa meza, sembuse mwisho wa uwanja. Naipenda. Lakini usiniambie eti ni sawasawa.

Usiniandikie tena kuhusu bunduki hiyo.

Kathri

Nimebadili mawazo. Niandikie. Inanukaje?


Kambini, 16 Aprili

Dada yangu,

Inanuka mafuta mapya na rangi, na kitako chake kinanuka mpira, kama viatu vya mvua vikianikwa karibu na jiko. Umeridhika?

Jumamosi siji. Wengine wote wanapewa ruhusa ya kwenda makwao, lakini kuna mazoezi ya ziada ya kulenga kwa wachache wetu, na sajini hataki kuniachia. Ndiyo hali ya kuwa mtu wa kutazamwa.

Mwambie Baba naipiga vizuri. Mwambie hivyohivyo, "vizuri", usiongeze chochote.

Ahsante kwa mkate wa peasi. Umeliwa na watu saba.

Melk


Seelisboden, 30 Aprili

Melk,

Mazoezi ya ziada! Watu wengine Mungu akiwapa haoni haya kuwaongeza. Nimeisoma barua yako nikiwa nasafisha samadi, yako na yangu, maana zamu yako bado inadondoka kila asubuhi hata kama wewe hupo.

Baba nimemwambia "vizuri". Alitikisa kichwa, akaniomba nirudie. Siku hizi kila anayepita hapa anaelezwa kwamba mwanawe ana mazoezi ya ziada. Jana alimwambia muuza chumvi.

Sasa sikiliza. Shindano la kijiji ni tarehe kumi na nne Mei. Nimeomba kupiga. Si kupiga pembeni baada ya wanaume kumaliza, kama kila mwaka. Nimeomba kupiga kwa ajili ya taji. Nilimkuta Gisler mwokaji akitoa mikate kwenye tanuri. Unajua alivyo, chama cha shabaha anakiongoza kama anavyoongoza unga. Akaniambia, "Kathri, mwanangu, na jibini nani atalikata?" Nikamwambia jibini litakatwa na kisu. Akacheka, akafikiri, akakubali, nadhani kwa kuwa mkewe alikuwa amesimama pale.

Hakuna mwanamke aliyewahi kuvikwa lile taji la majani ya mwaloni hapa kwetu. Baba alilivaa mara nne. Nalitaka, Melk. Nataka Baba anipapase kichwani ayakute majani yapo, asiseme tena lile neno lake, "Laiti huyu ndiye angekuwa mvulana." Miaka yote nalisikia hilo kama sifa. Mwaka huu nimelichoka.

Gisler anasema makuruta wote wa hapa mmeruhusiwa kuja na silaha zenu siku hiyo. Basi njoo nayo. Baada ya shindano nipe risasi moja tu. Moja. Nitakufulia soksi mwaka mzima, na soksi zako ninazijua.

Dada yako anayekuonea wivu mpaka usingizini,
Kathri


Kambini, 17 Mei

Dada,

Mbona uliondoka bila kuniaga? Nilikutafuta nyuma ya meza ya jibini, kisu kipo, wewe hupo. Risasi yako moja nilikuwekea mfukoni. Ninayo hadi sasa.

Najua umenuna. Yule Gisler hakupaswa kusema alichosema mbele za watu. Na samahani kwa ganda langu la risasi. Hii bunduki inatema maganda upande wa kulia, na wewe ulikuwa umelala kulia kwangu, kwenye namba tano. Mtu yeyote akirukiwa na ganda la moto shingoni angeyumba.

Baba amesema taji litundikwe juu ya mlango mpaka majani yaanguke yenyewe. Limetundikwa vizuri? Nilipiga vizuri, siyo?

Niandikie hata mistari miwili.

Melk


Seelisboden, 21 Mei

Melk,

Hongera. Taji limetundikwa. Baba anasimama chini yake kila asubuhi na kuligusa kwa fimbo, kuhakikisha.

Umetaka mistari miwili, nakupa zaidi, kwa sababu nisipokiandika kitu hiki kitaniozea tumboni.

Mpaka risasi ya tisa nilikuwa nakuzidi pointi tatu, na wote waliobaki niliwaacha nyuma. Ilibaki moja. Ningeweza kuipiga nikiwa nimelala usingizi. Watu wanasema ni ganda lako. Waache waseme, inanisaidia. Wewe nakwambia ukweli: ganda halikunigusa shingo. Liliangukia mkono wa koti, nikaligeukia kidogo tu, na hapo nikaiona. Bunduki yako. Imetulia juu ya miguu yake miwili, inang'aa, na wewe shavu lako umelilaza juu yake kama mtoto juu ya mto. Nikasema moyoni, kwa nini wewe? Sikusema kitu kingine. Kwa nini wewe?

Nilipoinua jicho kutafuta shabaha, lilitoka hapohapo lilipokuwa. Likaenda mbele yako, si mbele yangu. Nikazuia pumzi, nikavuta. Ilikuwa risasi nzuri kuliko zote nilizopiga siku ile, na pengine maishani. Niliijua inakwenda katikati kabla haijafika. Ilipofika ndipo nilipoisoma namba juu ya ubao. Nne.

Kwenye handaki chini ya shabaha wakapunga bendera kwa namba tano: hakuna kitu. Kwa namba nne wakainua kibao cha kumi. Yako na yangu zote mbili mle, nikawaza, na sheria ni sheria: risasi iliyoingia kwa jirani ni sifuri kwa mwenyewe. Gisler akapaza sauti, kwa kubahatisha tu, "Kathri, jioni angalia usije ukakamua ng'ombe wa jirani!" Kijiji kizima kilicheka. Sikujali. Kisha nikamsikia Baba naye anacheka.

Nikaenda nikakata jibini. Nilikata vipande vyembamba sana, kila mtu alivisifu.

Kathri


Seelisboden, 25 Mei

Melk,

Leo amekuja Alfons kunoa fyekeo. Siku ya shindano yeye ndiye aliyekuwa handakini, chini ya shabaha ya nne na ya tano. Nikamtania: kazi rahisi hiyo, kuziba matundu kwa karatasi. Akaniambia, "Rahisi sana, hasa ile ya mwisho. Tano haina tundu, nne ina tundu moja."

Nikamwuliza moja au mawili. Akasema moja, kwani yeye hajui kuhesabu?

Bunduki yako na ya Baba zinakula risasi za aina moja, tundu lake halina tofauti. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tundu ni moja. Langu nalijua lilikokwenda. La kwako liko wapi?

Usinieleze hali ya hewa ya huko.

Kathri


Kambini, 28 Mei

Dada,

Liko kwenye udongo. Kushoto kabisa, juu ya handaki, karibu na ule mti wa msonobari uliopigwa radi. Nililiona vumbi likiruka. Nadhani hakuna mwingine aliyeliona, wote walikuwa wanatazama ubao.

Nilifumba macho. Ndivyo ninavyofanya nayo. Ile ya Baba inakupa nafasi ya kupumua kati ya risasi na risasi. Unavuta komeo, unatulia, unaanza upya. Hii iko tayari kabla yangu. Naihisi imeshajikoki, inanisubiri, na mimi bado nasikia ile ya kwanza masikioni. Ninaiogopa, Kathri. Mwanaume wa Seelisboden, mtoto wa Baba. Sajini alisimama nyuma yangu siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimekosa zote. Mazoezi ya ziada ni ya walioshindwa. Tuko sita, na mmoja wetu ana chongo.

Siku ya shindano sijui nilishikwa na nini, risasi tisa zilikwenda vizuri. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa naisikia pumzi yako pembeni nikaifuata. Ya kumi sikuisikia. Sasa najua kwa nini.

Kile kibao cha kumi kilipoinuka kwenye namba nne, nilitaka kusema. Naapa. Nilishafungua mdomo. Kisha Baba akaliita jina langu kwa sauti, mbele za watu wote, "Melk! Melk wangu!" Wewe hujui jambo hili maana lako analiita kila Jumapili tangu tukiwa watoto. Kila tulipotoka uwanjani alikuwa anasema Kathri kapiga hivi, Kathri kapiga vile, na mimi nimebeba mfuko wa maganda nyuma yenu. Lile neno lake unalolichukia, "Laiti huyu ndiye angekuwa mvulana," umewahi kujiuliza mvulana aliyekuwepo alikuwa analisikiaje?

Wewe unaionea wivu bunduki yangu. Mimi nina wivu na mikono yako tangu nipate akili. Nikafunga mdomo. Na ulipoanza kukata jibini nikajificha nyuma ya tarumbeta za bendi.

Nimemwandikia Gisler leo kabla ya kukuandikia wewe, ili nisipate nafasi ya kubadili mawazo. Nimemwambia ya mwisho si yangu. Baba mwambie wewe, au niachie nimwambie mwenyewe nikija. Chagua wewe.

Melk


Seelisboden, 4 Juni

Melk,

Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakubebea hilo. Samadi yako inatosha.

Gisler alikuja Jumatano na barua yako mfukoni na unga kwenye nyusi. Amehesabu upya. Yako ya mwisho sifuri, yangu ya mwisho sifuri, basi unajua aliyebaki juu? Gisler! Amelivaa taji mle dukani siku mbili mfululizo, majani yanadondokea mikate. Mimi ni wa pili. Hakuna kitu cha kumvika wa pili.

Nilimwambia Baba taji limeshushwa lipanguswe vumbi. Bado anapapasa na fimbo.

Nilikuwa nimekuandalia matusi ya kurasa tatu. Nilipofika pale barua yako inapoutaja mfuko wa maganda nikayachana. Sijakusamehe. Nimechana karatasi tu, usijipe moyo.

Kathri


Malishoni, 2 Julai

Dada,

Barua hii anaileta mbeba jibini. Mpe kahawa, na uitie kile kitu chetu kikali maana mvua imemnyeshea njia nzima.

Ng'ombe wote wazima. Bruni anakutafuta. Mimi ananivumilia.

Tangu nimwambie Baba, siku ile nilipotoka kambini, hatukusemezana mpaka nilipopanda huku na mifugo. Asubuhi ya kuondoka alinishika kichwa, akanipapasa palipo wazi, pasipo taji, akasema, "Bora ulisema." Basi. Nimetembea na hayo maneno mawili hadi juu.

Bunduki iko kabatini kama sheria inavyotaka. Ufunguo uko ndani ya kiatu changu cha Jumapili, cha kushoto. Na ile risasi yako moja iko ndani ya cha kulia, nayo imejipatia wenzake tisa. Mimi sijakwambia kitu. Mimi niko mlimani.

Melk


Seelisboden, 9 Julai

Melk,

Leo yalikuwa mazoezi ya Jumapili. Niliibeba nimeifunga ndani ya blanketi la farasi, nikailaza kwenye namba tano. Gisler aliiona, akanitazama, kisha akageuka kuangalia milima kwa makini sana, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Taji limeanza kumtia haya, nadhani.

Uliniandikia ilivyo, na hukusema hata robo. Uzito wake si uzito, ni utulivu. Ukishailaza chini haitaki tena kwenda popote. Ya kwanza niliipiga nikasubiri, mkono ukaenda kulitafuta komeo, ukakuta hewa. Nilicheka peke yangu. Ya pili sikusubiri. Na ni kweli iko tayari kabla yako, Melk, hilo hukunidanganya. Ila mimi sikuogopa. Nilihisi kama nimepata kwa mara ya kwanza mtu wa kutembea naye ambaye hanirudishi nyuma. Kijiko kwenye sufuria nilikisikia mara zote kumi. Sasa sitaweza kuivuta ile ya Baba bila kuona nachelewa, na hilo nakulaumu wewe.

Nilisoma namba juu ya ubao kabla ya kila risasi. Tano. Tano. Tano. Alfons aliniambia baadaye alichoka kuinua kibao kilekile. Usiniulize nimepata ngapi, utashindwa kula.

Baba alikuwa kwenye benchi nyuma, na watu wa benchi lile. Mmoja akamwambia, "Sikiliza, ni bunduki ya Melk hiyo." Baba akainamisha kichwa akasikiliza risasi mbili, tatu. Akasema, "Bunduki ni ya Melk. Anayepiga ni binti yangu." Alisema binti yangu. Hakuongeza laiti.

Jioni niliifungua, nikaipangusa, nikaipaka mafuta hadi ndani ya mtutu, nikaiunga tena. Naona haya kukwambia jinsi nilivyochukua muda mrefu. Kisha nikairudisha. Bado nina wivu, mdogo wangu. Wivu hauishi kwa kuonjeshwa, ndiyo kwanza unajua unachokililia. Bunduki ina jina lako, kabati lina jina lako, na karatasi za serikali zina jina lako.

Lakini ufunguo sikuurudisha kwenye kiatu.

Dada yako wa robo saa,
Kathri